Mkono Ulioshika Pazia

Programu ya simu iliukata mkono.

Nilikuwa nimeketi mkekani sebuleni kwa bibi yangu, kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, nikizipiga upya picha zake za zamani moja baada ya nyingine kwa simu ili ukoo mzima uzipate. Programu niliyokuwa nikiitumia ina tabia ya kutafuta yenyewe mipaka ya karatasi na kuondoa kilichozidi. Ilipofika picha ya tatu ikakosea: badala ya kushika mipaka ya karatasi, ilishika mipaka ya kitambaa cheupe kilichotandazwa nyuma ya bibi, ikafuta kila kitu kilichokuwa nje ya kitambaa hicho. Bibi akabaki peke yake katikati, ana miaka 19, gauni la maua, viatu vyeusi, bangili moja mkono wa kushoto, uso ameukunja kidogo kwa ajili ya jua. Kwa kweli, ilipendeza kuliko ile ya karatasi.

Nilimwonyesha. Aliitazama simu, akaitazama karatasi, akairudia simu.

"Na huyu umempeleka wapi, mume wangu?"

Kidole chake kilikuwa kwenye ukingo wa karatasi, pale ambapo, nje kidogo ya kitambaa, kuna mkono wa mtu. Ni mkono tu, na shati lililokunjwa hadi kwenye kiwiko. Umeshika pembe ya juu ya kitambaa na kuivuta ili isipeperuke. Mwenye mkono hayumo kwenye picha.

Nilimuuliza ni nani.

"Aliyeshika pazia," alijibu, kana kwamba hilo lilitosha.

Nyuma ya karatasi pameandikwa kwa wino wa buluu: *Nikumbuke. 14/8/1963.* Nimerudi mjini wiki sita sasa, na mkono ule umekataa kuniacha.

Nilichokuwa nikikitafuta

Ni vizuri nikiri kwamba siku ile nilikuwa nimevunjika moyo kabla hata ya kufika picha ya tatu. Nilikwenda kwa bibi nikitafuta maisha ya kijijini. Babu alikuwa mvuvi tangu ujana wake hadi mgongo ulipomkatalia, na nilitaka kumwona akiwa mvuvi: mtumbwi, nyavu, migono, ngege wa enzi zile kabla sangara hajalitawala ziwa. Katika sanduku lile la bati babu yumo mara nne. Mara zote nne amevaa koti. Mara moja ameshika redio. Hakuna samaki hata mmoja.

Samaki, mitumbwi na nyavu niliwapata kwingine, na wala haikuwa kazi ngumu. Henry Morton Stanley, msafiri wa Kizungu, alifika Kageyi, kwenye mwambao wa kusini si mbali na Mwanza ya leo, mwezi Februari 1875 akiwa na kamera kati ya mizigo yake. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, mabamba ya kioo na dawa za kusafishia picha zilianza kusafiri kwa treni badala ya vichwa vya wapagazi, na picha za ziwa zikaongezeka. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni upande wa Kavirondo, magharibi mwa Kenya ya leo, alipiga picha. E. E. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia, alikaa wiki chache kwa Wajaluo mwaka 1936, naye akapiga picha ambazo leo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Pitt Rivers, Oxford. Humo mna nyumba zenyewe, maboma yenyewe, watu wakiwa katika shughuli zao.

Nilizitazama usiku mzima. Nilijiambia kuwa haya ndiyo maisha ya kijijini, na kwamba wapiga picha wetu wenyewe walikuwa na nafasi ya kuyarekodi wakapoteza nafasi hiyo kwa makoti na maredio.

Niliamini hivyo kwa muda wa siku nne hivi.

Swali la bibi

Nilimpigia simu bibi nikamweleza malalamiko yangu, nikitumia maneno makubwa kidogo kuliko yaliyohitajika. Nilimuuliza kwa nini hakuna hata picha moja ya babu akivuta wavu, wala yake yeye akipara samaki au akilima mihogo. Alinyamaza kwa muda, nikadhani mtandao umekatika.

"Wewe ungelipa pesa yako ya pamba," aliniuliza, "upigwe picha ukinuka samaki?"

Sikuwa nimelifikiria jambo hili kwa upande wa aliyetoa pesa. Stanley hakulipwa na watu wa Kageyi. Hobley alikuwa na mshahara wa serikali, na Evans-Pritchard alikuwa mtafiti. Waliopigwa picha na wageni hao hawakununua chochote, na kwa sababu hawakununua, hawakuwa na kauli juu ya namna watakavyoonekana. Wengi waliishia kwenye maandishi ya chini ya picha wakiwa "mvuvi", "mwanamke wa Kavirondo", "kikundi cha vijana". Alfred Lobo, mpiga picha wa asili ya Goa aliyefanya kazi Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, naye alikuwa na soko la kadi za posta, na mnunuzi wa kadi ya posta hakuwa mtu aliyemo kwenye kadi hiyo.

Mpiga picha wa kwetu, aliyekuja kijijini kwa baiskeli na kamera mgongoni, alikuwa na mteja mmoja tu: yule aliyesimama mbele yake. Mteja huyo alikuwa na pesa mara moja kwa mwaka, msimu wa pamba, na matumizi ya pesa hiyo yalikuwa na foleni ndefu ya ada, kodi, bati na kitenge. Akibakiza ya picha, hakuwa tayari kuitumia ili aonekane kama anavyoonekana kila siku. Kila siku alikuwa anajiona.

Mzee na kamera ya sanduku

Nilirudi kisiwani mwezi uliofuata, na safari hii nikamtafuta mzee mmoja wa Nansio ambaye kila mtu wa rika la bibi humtaja akiulizwa habari za picha. Sasa ni fundi redio, ingawa redio za kutengeneza zimepungua. Aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake, na alipoelewa nimefuata nini, akaiweka chini bisibisi.

Alijifunza Mwanza, ujanani, kwa kufagia studio ya mtu na kutazama. Kamera yake ya kwanza ilikuwa ya sanduku, ya ukoo ule wa Brownie ambao Kodak walianza kuuza mwaka 1900: boksi lenye lenzi isiyorekebishwa, kitufe kimoja, na mkanda unaotoa picha nane. Kamera ya namna hiyo haina ubishi. Inataka jua kali, na inataka mteja asimame hatua chache mbele, jua likimpiga usoni. Kwa hiyo wazee wetu wote waliokunja nyuso katika picha zile, ambao watoto wetu hudhani walikuwa wakali, walikuwa wakiumizwa macho tu.

Usafishaji aliufanya nyumbani usiku, chumba cha udongo, taa ya chemli iliyofunikwa kwa kitambaa chekundu, dawa katika sahani tatu za bati. Halafu akanieleza jambo ambalo kwangu lilibadilisha kila kitu, na alilieleza kama dosari ya kuombea radhi. Hakuwa na mashine ya kukuzia picha. Mashine hiyo ilihitaji umeme. Yeye alilaza negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, juu ya karatasi ya picha, akaigandamiza kwa kioo, akaifunua taa, akahesabu polepole hadi kumi na mbili, akaifunika tena. Picha ikatoka kwa ukubwa uleule wa negativu, sentimita sita kwa tisa, ndogo kuliko kiganja, na ikatoka nzima.

Nzima. Hilo ndilo neno lake.

Mwenye mashine ya kukuzia huchagua kipande anachokitaka na kukiacha kingine nje. Yeye hakuweza. Chochote ambacho lenzi ilikiona kilifika kwenye karatasi: pembe ya nyumba, mbuzi, watoto waliokimbilia kutazama, na mikono ya walioshika pazia. Alipopata studio yake mjini, yenye umeme na ukuta uliopakwa rangi, kitu cha kwanza alichofurahia ni kuweza kuviondoa vile vyote.

Karatasi zilipokwisha kuiva kwenye dawa, alizibeba alfajiri kwenda kuzisuuza ziwani. Zilizosuuzwa harakaharaka ndizo ambazo leo zina rangi ya chai, kwa sababu dawa iliyobaki ndani ya karatasi huendelea kuila kwa miaka mingi. Mikwaruzo midogo kwenye picha ya bibi, ambayo nilitaka kuifuta kwa kompyuta, ni mchanga wa ufukweni.

Koti la kuazima

Nilimuuliza kuhusu makoti. Alicheka.

Koti lilikuwa lake. Alilibeba kwenye baiskeli pamoja na tai moja, saa moja ya mkono iliyokwisha kufa, na viatu vya pea mbili, kubwa na ndogo. Redio aliyoishika babu ilikuwa ya mwenye duka, na haikuwa na betri. Mteja aliyetaka alivaa, akapigwa picha, akavua, akampisha wa nyuma yake. Nikilitazama upya sanduku la bibi naliona koti lile kwa babu, kwa kaka yake, na kwa shemeji yao aliyekuwa mfupi kiasi kwamba mikono ya koti imefunika vidole vyake.

Hapa nilikwama tena, na sijui kama nimekwamuka. Kama koti ni la kuazima, saa imekufa na redio haina sauti, picha hizi ni kumbukumbu ya nini? Kwa siku kadhaa niliziona kama uongo wa pamoja, na picha za wageni zikaanza tena kuonekana za kweli zaidi.

Kilichonirudisha ni kukumbuka kwamba mgeni naye alipanga. Mtu aliyeambiwa asimame wima mbele ya nyumba yake, ageuke upande, kisha atazame mbele, hakuwa katika shughuli zake za kila siku. Tofauti ni nani aliyetoa maagizo. Tena kijiji kizima kilijua koti ni la mpiga picha. Hakuna aliyedanganywa. Picha ilisema kwamba mtu huyu, siku hii, alikuwa na uwezo wa kusimama hivi, na kila aliyeitazama alijua kiasi gani katika hayo kilikuwa matumaini. Katika kuchimba kwangu maisha ya kijijini nilikuwa nimesahau kwamba kutamani nako ni sehemu ya maisha hayo.

Wale wa Kavirondo nao walipata zamu yao, ijapokuwa baada ya miaka 71. Mwaka 2007 nakala za picha za Evans-Pritchard na za wenzake zilirudishwa magharibi mwa Kenya katika maonyesho yaliyoitwa *Paro Manene*, maneno ya Kijaluo yenye maana ya kukumbuka yaliyopita, na ndugu wa waliopigwa picha wakapata kuzitazama kwa macho yao. Huku kwetu hakuna aliyehitaji kurudishiwa chochote. Picha zilianzia ndani ya nyumba na zimebaki humo, kwenye masanduku ya bati, pamoja na mchwa.

Mwalimu wa useremala

Kuna mtu mmoja anayeivuruga hoja yangu, nami sitaki kumficha.

Musa Katuramu alikuwa mwalimu wa useremala huko Ankole, kusini magharibi mwa Uganda. Si mwambao wa ziwa hili, bali ni nchi jirani yake. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950 alipiga picha za watu wa eneo lake, wengi wakiwa nje, kwa mwanga wa jua, na negativu zake zilihifadhiwa na familia hadi zilipoanza kutazamwa upya na mradi wa History in Progress Uganda ulioanzishwa mwaka 2011. Alikuwa na kazi yake nyingine. Ninapozitazama picha zake sioni mtu aliyekuwa akihesabu wateja tu. Naona mtu aliyependa kutazama, na aliyetazama majirani zake kwa muda mrefu.

Kwa hiyo si kweli kwamba mpiga picha wa kwetu alifungwa na senti ya mteja kila mahali na kila siku. Pesa inaeleza mengi, lakini haielezi yote. Nilipomtajia mzee wa Nansio habari hii, alisema kwamba naye alijaribu mara moja: alipiga picha ya wanawake wakianika dagaa, kwa sababu mwanga juu ya dagaa ulimpendeza. Alitumia moja kati ya nane za mkanda. Hakuna aliyeinunua, na mkewe alimuuliza kama ameanza kupata wazimu.

Nilimuuliza negativu iko wapi. Aliangalia nje.

Nyuma ya pazia

Tangu hapo nimejifunza kuzitazama picha hizi kwa kuanzia kingo. Katikati ni pa mteja; alipalipia, na sina haki ya kumdai zaidi. Pembeni hakuna aliyepalipia.

Picha ya bibi, upande wa kulia, nyuma ya pazia, ina mti. Niliupita mara nyingi bila kuuona, hadi nilipoukuza nikagundua kwamba umesimama ndani ya maji. Si ukingoni mwa maji. Ndani, na maji yamefika kwenye matawi ya chini. Bibi hakuhitaji miwani kueleza. Pale palikuwa shamba la mihogo la baba yake. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zililipandisha ziwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964, na mwambao wote, kuanzia Kisumu hadi Bukoba, ulipoteza mashamba, nyumba na gati. Siku bibi alipovaa gauni la maua, shamba lao lilikuwa limezama, na yeye amesimama ameligeuzia mgongo.

Hakuna aliyekusudia kulirekodi shamba lile. Mpiga picha angeweza kuligeuzia kamera na asingeuza kitu. Limebaki kwa sababu pazia lilikuwa fupi na hapakuwa na mashine ya kukuzia.

Mwaka 2020, ziwa lilipofika tena kiwango kile na kukipita kidogo, vijana wa kijiji walisema halijawahi kutokea. Bibi alikuwa na ushahidi sandukuni, upande wa kulia.

Picha iliyofuata

Kuhusu mkono, mzee alinipa jibu kabla sijamaliza kuuliza. Upepo wa ziwa haukubali misumari. Pazia lilihitaji watu wawili, na watu hao hawakulipwa. Waliolishika walikuwa wale wa kwenye foleni. Anayesubiri zamu anashika, anapigwa, kisha anamshikia wa nyuma yake. Kama mkono ule uko kwenye picha ya bibi, basi mwenyewe yuko kwenye picha nyingine ya siku ileile, na mkono wa bibi huenda uko naye.

Mkanda una picha nane. Pazia la siku ile lina kiraka chenye umbo kama la jani, karibu na bega la bibi. Nilitumia siku tatu kwenda nyumba kwa nyumba nikiomba kuonyeshwa masanduku, nikinywa uji katika kila nyumba, nikitafuta kiraka. Nilikipata ukutani, ndani ya fremu, katika familia tusiyo na udugu nayo: vijana wawili na baiskeli, mmoja amekunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko. Mwenye nyumba aliitoa kwenye fremu ili anisomee tarehe. Karatasi ilikuwa kubwa kuliko fremu, na mtu fulani, badala ya kuikata kwa mkasi, aliukunja ukingo wake kwa nyuma. Tuliufunua taratibu. Uso wa picha ulikuwa umepasuka kwenye mkunjo, mstari mweupe kutoka juu hadi chini, na ng'ambo ya mstari huo palikuwa na mkono umeshika pembe ya pazia. Mkono wa kushoto. Una bangili.

Niliipiga kwa simu, bila programu, karatasi yote hadi kwenye meza.

Jioni nilimpelekea bibi. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama picha yake mwenyewe. Aliniomba niikuze, nikaukuza mkono. Akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidole niwakuze wale vijana.

Nilimuuliza ni yupi kati yao aliyemshikia pazia.

"Bangili ile haikuwa yangu," alisema. "Niliazima kwa dada."